Akiba ya Fedha za Kigeni: Kwa Nini Nchi Hujiwekea?

Katika masomo ya uchumi tunayofundishwa kidato cha tano na cha sita, hakuna jambo linalobishaniwa mabwenini kama hili: Benki Kuu ya nchi yetu huweka dola nyingi katika nchi za ng'ambo, na huku zahanati za vijijini hukosa dawa. Wenzangu husema, "Mwenye njaa hafichi unga." Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa kicheko. Nimelisoma kwa bidii, na hapa nataka kulieleza kwa Kiswahili chepesi, ili hata aliye kidato cha kwanza alielewe. Wale waliotutangulia shuleni hapa, ambao wengi wao leo ni wafanyabiashara na watumishi wa Serikali, wataongeza yale wanayoyajua kutokana na kazi zao.

AKIBA HII NI NINI?

Kwanza yatupasa kujua kwamba fedha si zote sawa. Shilingi ya Uganda ni fedha kamili hapa Uganda. Ukienda nayo sokoni Mbale utapata ndizi, nyama, chumvi na daftari. Lakini mwenye kiwanda cha dawa kule India hana haja na shilingi zetu, maana hawezi kuwalipa nazo wafanyakazi wake, wala kununua nazo kitu chochote kwao. Yeye hutaka dola za Marekani, au fedha nyingine inayokubaliwa na watu wa nchi nyingi, kama vile yuro, pauni ya Uingereza au yeni ya Japani. Ndivyo walivyo pia wauzaji wa petroli, mashine, vipuri vya magari, na vyombo vya maabara tunavyovitumia hapa shuleni.

Hapo ndipo penye siri yote. Serikali yaweza kuchapa shilingi, ingawa ikizidisha, bei za vitu zitapanda. Lakini haiwezi kuchapa dola hata moja. Dola hupatikana kwa njia chache tu: kwa kuuza bidhaa ng'ambo, kwa watalii wanaokuja kututembelea, kwa ndugu zetu wanaofanya kazi nje na kutuma fedha nyumbani, kwa wageni wanaoleta mitaji yao, na kwa misaada na mikopo.

Baba yangu ni mkulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Elgon. Yeye hulipwa shilingi, wala hajapata kuishika dola mkononi mwake. Hata hivyo kahawa yake huuzwa kwa dola. Kahawa husafirishwa hadi Mombasa, mnunuzi wa Ulaya hulipa, na dola zake huingia katika benki ya biashara huko Kampala. Benki hiyo huziuza kwa wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa kutoka nje. Zinapokuwa nyingi sokoni, Benki Kuu hununua sehemu yake na kulipa shilingi. Dola zilizonunuliwa hivyo, pamoja na zile ambazo Serikali imezipata kwa mikopo na misaada, ndizo ziitwazo akiba ya fedha za kigeni.

Msidhani kwamba zimelundikwa sandukuni. Sehemu huwekwa katika mabenki makubwa ya ng'ambo. Sehemu hukopeshwa serikali za nje, kama ile ya Marekani, kwa hati za muda mfupi zinazoweza kuuzwa upesi. Nchi nyingine huweka na dhahabu. Tena kila nchi mwanachama ina haki zake katika Shirika la Fedha la Kimataifa, ambazo zaweza kubadilishwa kuwa fedha. Sharti kubwa ni moja: akiba iwe kitu kinachoweza kugeuzwa kuwa malipo bila kuchelewa. Barabara ni mali, na shule ni mali, lakini huwezi kumlipa mwenye meli ya mafuta kwa kumpa kipande cha barabara.

AKIBA ILIYOKUWA LONDON

Jambo hili si geni kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, yenye makao yake London, na shilingi iliyotolewa na Bodi hiyo ikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Zanzibar ikajiunga mwaka 1936. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja. Kanuni yake ilikuwa rahisi: shilingi mpya zilitolewa huku kwa kadiri pauni zilivyolipwa kule London, na pauni hizo ziliwekwa zaidi katika hati za mikopo ya serikali za himaya ya Uingereza.

Faida yake ilikuwa kwamba hakuna aliyeishuku shilingi, kwa kuwa kila mtu alijua kuna pauni nyuma yake. Hasara yake ilikuwa kwamba jasho la wakulima wetu wa pamba na kahawa lilikaa ng'ambo likiwasaidia wengine, na sisi hatukuwa na sauti ya kusema kiasi gani kiwekwe na kiasi gani kitumike. Baada ya uhuru nchi zetu tatu zilitaka sauti hiyo, na mwaka 1966 kila moja ikafungua Benki Kuu yake: Tanzania mwezi wa Juni, Uganda mwezi wa Agosti, na Kenya mwezi wa Septemba.

Mwaka mmoja tu baadaye somo la kwanza likaja. Tarehe 18 Novemba, 1967, Uingereza iliipunguza thamani ya pauni yake, kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Nchi zetu hazikuifuata. Basi pauni iliyokuwa na thamani ya shilingi 20 jana ikawa na thamani ya shilingi 17 na senti chache leo. Kila pauni iliyokuwa katika akiba ilipungua hivyo, bila mtu kuigusa. Tangu hapo mabenki makuu mengi yamejifunza kutoweka mayai yote katika kiota kimoja.

JALIDI MBILI ZA BRAZIL

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: kwa nini kujiwekea akiba? Jibu naliona vizuri zaidi katika habari ya jalidi mbili, yaani baridi kali inayougandisha umande na kuua majani. Jalidi hizo zilianguka Brazil, nchi inayolima kahawa nyingi kupita zote duniani. Kahawa ya kule ikiharibika, bei hupanda dunia nzima, na mkulima wa Elgon au wa Kilimanjaro hupata neema ambayo hakuitarajia.

Jalidi ya kwanza ilianguka mwezi wa Julai, 1975. Mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa ilipanda mno. Jirani zetu wa Tanzania walipata fedha nyingi za kigeni, na akiba yao ikajaa. Ilipoonekana imejaa, Serikali ilishauriwa kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa, nayo ikakubali mwanzoni mwa mwaka 1978. Wafanyabiashara wakaagiza kwa wingi. Kumbe neema ya kahawa ilikuwa imekwisha kuanza kupungua, na kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ya akiba ilikuwa imeyeyuka.

Na balaa haliji peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na kila nchi ililazimika kugharimia reli, ndege na posta zake yenyewe. Mwishoni mwa Oktoba, 1978, majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tanzania ikapigana vita mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, 1979, na gharama za vita hivyo hukadiriwa kuwa yapata dola milioni 500. Mwaka huo huo, kwa sababu ya mapinduzi ya Iran, bei ya mafuta duniani ikaanza kupanda hata ikazidi mara mbili.

Sisi watu wa Uganda hatuna budi kulitaja jambo hili kwa heshima, maana wale waliotumia akiba yao ya mwisho waliitumia kutuondolea dhiki yetu. Lakini tazameni yaliyowapata baadaye. Viwanda vilikosa vipuri na malighafi vikasimama. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na nguo vikaadimika madukani, watu wakapanga foleni. Mwaka 1983 Serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliendesha msako mkubwa wa wahujumu uchumi. Lakini mlanguzi hupata nguvu pale bidhaa zinapokosekana, na bidhaa zilikosekana kwa sababu fedha za kuziagiza hazikuwapo.

Pia kulikuwa na jambo la heshima ya nchi. Nchi isiyo na akiba hulazimika kukopa, na mkopeshaji ana masharti yake. Rais Nyerere alilalamika waziwazi mwanzoni mwa mwaka 1980 kwamba Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka kuziamulia nchi maskini mambo yao. Alibishana nalo miaka mingi. Hata hivyo mwaka 1986, baada ya yeye kung'atuka katika urais, Tanzania ilipatana na Shirika hilo, na thamani ya shilingi yake ikapunguzwa sana. Nisemapo akiba ni uhuru, nina maana hiyo: mwenye chakula ghalani hujadiliana na mwenye duka akiwa amesimama, na asiye nacho hujadiliana akiwa amepiga magoti.

Nasi tulipata letu. Mpaka mwaka 1989 bei ya kahawa ilishikiliwa na mapatano ya kimataifa yaliyozipa nchi mgao wa kuuza. Mwezi wa Julai mwaka huo mgao ukaondolewa, na baada ya miezi michache bei ilikuwa imeanguka kwa karibu nusu. Wakati ule Uganda ilipata karibu fedha zake zote za mauzo ya nje kutokana na kahawa, na akiba ya Benki Kuu ilikuwa ndogo mno. Mkulima hawezi kung'oa mikahawa leo akavuna kitu kingine kesho. Mkahawa mpya wenyewe huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa. Basi hatukuwa na ghala wala shamba la pili.

Jalidi ya pili ilianguka mwaka 1994, mwezi wa Juni na tena mwezi wa Julai. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Safari hii Serikali ya Uganda ilitoza ushuru wa muda juu ya kahawa wakati wa bei kubwa, na Benki Kuu ikanunua dola nyingi na kuziweka. Wakulima wengine walinung'unika, na sikatai kwamba walikuwa na haki yao, kwa sababu mwaka wa neema ni mwaka wa kuezeka bati na kulipa karo. Lakini bei iliposhuka tena, nchi haikurudi katika shida ya mwaka 1989. Jalidi ilikuwa ile ile ya Brazil. Tofauti ilikuwa katika kilichofanywa na mavuno.

HATA MATAJIRI HUANGUKA

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya nchi za kahawa tu, na kwamba nchi yenye viwanda vikubwa haihitaji ghala. Sivyo. Mwaka 1997 Thailand ilikuwa ikisifiwa kwa maendeleo yake. Makampuni na mabenki yake yalikuwa yamekopa dola nyingi kutoka nje, na Serikali iliishikilia fedha yake, iitwayo baht, ibaki karibu 25 kwa dola moja. Wenye fedha walipoingiwa na shaka, kila mmoja alitaka kuuza baht na kuchukua dola. Benki Kuu ilitoa dola zake mpaka zikakaribia kwisha. Tarehe 2 Julai, 1997, ilishindwa kuishikilia, na mwezi wa Januari uliofuata dola moja ilikuwa imepita baht 50. Aliyekuwa na deni la dola aliona deni lake limekuwa mara mbili, na wala hakukopa senti zaidi.

Moto huo ukaruka hadi Korea ya Kusini, nchi ya meli, magari na chuma. Ilipofika Desemba, 1997, ilibidi ikopeshwe zaidi ya dola bilioni 55 na Shirika la Fedha la Kimataifa na wengine. Mwanzoni mwa mwaka 1998 raia wa kawaida walipanga foleni kuitoa dhahabu yao kuisaidia nchi: pete za ndoa, mikufu, medali. Zilikusanywa zaidi ya tani 220, zikayeyushwa na kuuzwa ng'ambo. Deni la Shirika la Fedha lilimalizwa mwezi wa Agosti, 2001, kabla ya wakati wake. Leo Korea ina akiba inayozidi dola bilioni 400, na nchi nyingine za Asia nazo zimejaza maghala yao. China ina zaidi ya dola bilioni 3,000. Waliokwisha kuyeyusha pete za ndoa hawahitaji kufundishwa maana ya akiba.

JE, AKIBA HAIOZI?

Wahenga wamesema, "Akiba haiozi." Nawaheshimu, lakini akiba ya fedha za kigeni huoza polepole. Kwanza, bei za vitu hupanda duniani, hata dola ya leo hainunui kiasi ilichonunua miaka kumi iliyopita. Pili, hati za Serikali ya Marekani hulipa riba ndogo kuliko ile ambayo Serikali zetu hulipa zinapokopa. Nchi inayokopa kwa riba kubwa na kuweka kwa riba ndogo hupata hasara kila mwaka. Hasara hiyo ni kama ada ya mlinzi wa usiku: humlipa hata katika mwaka ambao mwizi hakuja. Tatu, kila dola inayonunuliwa na Benki Kuu hutoa shilingi mpya sokoni, na zikizidi, bei hupanda. Ndiyo maana Benki Kuu huuza hati zake ili kuzirudisha baadhi ya shilingi hizo, na hati nazo zina riba ya kulipwa.

Sasa narudi kwa wenzangu wa bwenini. Je, dola hizo zisitolewe zikajenge zahanati? Fikirini hivi. Matofali, mchanga, mishahara ya waganga na wauguzi, vyote hulipwa kwa shilingi. Benki Kuu iliponunua dola, ilikwisha kutoa shilingi zake. Ikizitoa shilingi nyingine kwa sababu ya dola zile zile, ni sawa na kuchapa fedha mara mbili. Dawa za kutoka India ni jambo jingine. Hizo hulipwa kwa dola, na hapo akiba yaweza kusaidia kweli. Lakini tukiila akiba katika mwaka wa kawaida, siku kahawa itakapoanguka bei zahanati zitakosa dawa zote pamoja, na magari ya kuzileta kutoka Mombasa yatakosa dizeli. Dawa za mwaka wa kawaida zapasa kununuliwa kwa mapato ya mwaka wa kawaida. Zikikosekana, kosa tulitafute katika bajeti na katika mikono zinakopitia, tusilitafute ghalani.

KIASI GANI KINATOSHA?

Ghala huhesabiwa kwa miezi. Tuseme nchi hununua nje bidhaa za dola milioni 100 kila mwezi, na ina akiba ya dola milioni 400. Basi ina akiba ya miezi minne. Tangu zamani wataalamu wamesema akiba isipungue miezi mitatu. Nchi za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, katika itifaki ya umoja wa fedha zilizotia sahihi mwaka 2013, zilikubaliana juu ya miezi minne na nusu. Baada ya yale ya Asia ikaongezwa hesabu ya pili: akiba itoshe pia kulipa madeni yote ya nje yanayopasa kulipwa katika mwaka mmoja. Kwa nchi kama Uganda, isiyo na pwani, ambayo mzigo wake hutembea zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandarini, sidhani kuwa miezi hiyo ni mingi.

Basi, ndugu zangu, siku mtakapoona gazetini kwamba akiba ya nchi fulani imeongezeka, msishangilie upesi. Ulizeni mambo mawili. La kwanza: ni ya miezi mingapi? La pili: imetoka wapi? Ikiwa imetokana na kahawa, chai, dhahabu, samaki na kazi za watu, hilo ni ghala lililojazwa kwa mavuno. Ikiwa imetokana na mikopo mitupu, hilo ni ghala lililojazwa kwa nafaka ya jirani, na jirani anakumbuka alikupa magunia mangapi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita